Ndiva za Upare na Wanafunzi wa Delft: Maji ya Kale katika Darasa la Kisasa

Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 Bahari ya Kaskazini ilibomoa maboma ya kusini-magharibi mwa Uholanzi na kuua watu 1,836. Miaka minne baadaye, yaani mwaka 1957, ilifunguliwa katika mji wa Delft kozi ya kimataifa ya uhandisi wa maji kwa ajili ya wahandisi kutoka nchi za nje. Kozi hiyo ilikua ikawa taasisi kamili. Mwaka 2003 iliingia chini ya UNESCO, na tangu mwaka 2017 inaitwa IHE Delft. Wahandisi wa Afrika Mashariki waliopita katika madarasa yake ni wengi, na baadhi yao walirudi kushika kazi katika wizara, katika ofisi za mabonde ya mito na katika vyuo vikuu.

Masimulizi ya kawaida kuhusu elimu ya namna hii huwa na mkondo mmoja: kijana hutoka Afrika, huvuka bahari, hupata ujuzi, kisha huuleta nyumbani. Makala haya yanahusu mkondo wa pili ambao haujazungumzwa vya kutosha. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, wanafunzi wa uzamivu waliosajiliwa Delft, wakiwamo Waholanzi na Waafrika, walipelekwa kujifunza katika vijiji vya Upare Kusini, wilayani Same, penye mabwawa madogo ya udongo na mawe yaitwayo ndiva. Walikwenda na vipimamvua na vyombo vya kupimia mtiririko. Walichokikuta kilikuwa mfumo wa umwagiliaji wenye umri mkubwa kuliko serikali zote zilizowahi kutoa vibali vya maji katika nchi hiyo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ugumu wa kuunganisha miundombinu ya kale na ya kisasa haukutokana na vifaa. Saruji hushikana na mawe ya kale bila taabu. Ulitokana na zamu, na na mamlaka ya watu waliozisimamia.

Ndiva na zamu zake

Ndiva ni neno la Kipare. Watu wasioifahamu huliita bwawa, na tafsiri hiyo hupotosha kidogo, kwa sababu bwawa katika fikra za wengi ni mahali pa kuhifadhi maji kwa msimu mzima. Ndiva kwa kawaida huhifadhi maji ya usiku mmoja. Mfereji hutoka kwenye banio katika kijito cha mlimani, hufuata kontua ya mteremko, na kuyamwaga maji katika birika lililochimbwa na kujengewa ukuta wa udongo wa mfinyanzi na mawe. Jioni tundu la kutolea maji huzibwa. Usiku kucha, wakati wakulima wamelala na jua halikaushi kitu, birika hujaa. Alfajiri tundu huzibuliwa, na maji hutoka kwa nguvu ambayo kijito chenyewe hakina.

Nguvu hiyo ndiyo siri ya mfumo wote. Kijito kidogo cha mwezi wa Januari kikielekezwa moja kwa moja katika mfereji mrefu hunywewa na udongo kabla ya kufika shambani. Maji yaliyokusanywa kwa saa kumi au kumi na mbili, kisha yakaachiwa kwa mkupuo, hufika hata kwenye shamba la mwisho. Mhandisi wa leo angesema kwamba ndiva huongeza kina cha mtiririko na hivyo hupunguza uwiano wa maji yanayopotea njiani. Wazee wa Upare hawakuwa na haja ya maneno hayo, lakini ukubwa wa mabirika waliyoyachimba na mahali walipoyaweka ni ushahidi kwamba jambo lenyewe walilijua.

Haja ya mfumo huo inaelezwa na sura ya nchi. Kilele cha Shengena kina urefu wa mita 2,462, na nyanda za juu zinazokizunguka hupata mvua ya kutosha kustawisha migomba. Chini, katika tambarare ya Makanya inayopitiwa na barabara kuu na reli ya kwenda Moshi, mvua ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 500 hadi 600, nayo hugawanyika kati ya vuli na masika. Mahindi yaliyopandwa wakati wa vuli huweza kuota vizuri, yakafika magotini, kisha yakakosa mvua kwa wiki tatu na kufa. Zamu moja au mbili za maji ya ndiva katika wiki hizo ndizo zinazotenganisha mavuno na njaa.

Zamu hizo zilikuwa na wenyewe. Mifereji na ndiva nyingi zilihusishwa na koo zilizozichimba, na mzee wa ukoo ndiye aliyesimamia mgawo, aliyeita watu kuzoa tope kabla ya msimu, na aliyetoza faini kwa asiyefika. Haifai kuupamba utaratibu huo kupita kiasi. Michael Sheridan, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Upare Kaskazini, ameonyesha katika makala yake ya mwaka 2002 jinsi banio lilivyofungamanishwa na fikra za uzazi na za madaraka ya wanaume, pamoja na miiko iliyowaweka wanawake mbali nalo. Mgeni au mke aliyefiwa angeweza kujikuta mwisho wa foleni kwa sababu ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na kiu ya shamba lake. Hata hivyo kila mtu alijua zamu yake ni lini, na alijua amlalamikie nani ikikatizwa.

Mfumo huu haukuwa peke yake. Kusini mwa Kilimanjaro Wachaga walikuwa na mifongo, ambayo Harry Johnston aliisifu alipokuwa mlimani mwaka 1884 na Charles Dundas akaieleza katika kitabu chake cha mwaka 1924. Wamarakwet wa Kenya wangali na mifereji yao katika ukingo wa Bonde la Ufa. Engaruka, kwa upande mwingine, imebaki magofu: kuta za mawe, mifereji na matuta ya mashamba yaliyoachwa kabla ya kuingia kwa ukoloni. Engaruka ni ukumbusho kwa wale wanaodhani kwamba jambo la kale ni lazima liwe la kudumu.

Macho ya serikali

Sifa za wasafiri hazikugeuka kuwa sheria. Utawala wa Waingereza ulianza mapema kutunga sheria za kudhibiti maji ya Tanganyika, na katika miaka ya 1930 ushindani kati ya mashamba ya walowezi, ya mkonge na ya kahawa, na mifereji ya wenyeji ulikuwa umefikia hatua ya kuundiwa uchunguzi. Edmund Teale na Clement Gillman walitoa taarifa yao mwaka 1935 kuhusu udhibiti ufaao wa maji na kupangwa upya kwa bodi za maji katika Jimbo la Kaskazini. Maneno hayo mawili, "udhibiti" na "kupangwa upya", yanatosha kuonyesha mwelekeo. Mfereji wa udongo unaovuja ulionekana kuwa upotevu, na mtu anayeusimamia bila hati alionekana kuwa hana haki bali mazoea tu.

Uhuru ulibadili wenye madaraka bila kubadili mtazamo huo. Mwaka 1963 madaraka ya watemi na machifu yalifutwa kisheria. Sheria Na. 42 ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote chini ya Jamhuri, na mtumiaji akatakiwa kuwa na haki iliyotolewa na ofisa wa maji. Wakati huohuo operesheni vijiji ilikuwa ikiikabidhi serikali ya kijiji kazi zilizokuwa za koo. Sheridan, katika makala nyingine ya mwaka 2004, amefuatilia matokeo ya mambo hayo Upare Kaskazini: mzee hakuwa tena na nguvu ya kutoza faini, mwenyekiti wa kijiji hakuwa na sababu ya kupanda mlimani kukagua banio, na tope likajaa katika ndiva pasipo mtu wa kulaumiwa. Ikumbukwe kwamba hakuna aliyeamuru ndiva zife. Zilikufa kwa kukosa mwenye kuita watu kazini.

Ukarabati ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, liliposaidia programu ya kuboresha umwagiliaji wa asili katika milima ya kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Hapa ndipo saruji ilipoingia kwa wingi. Mabanio yalijengwa upya, kuta za ndiva zikasakafiwa, milango ya chuma ikachukua mahali pa vizibo vya magogo na majani. Kwa macho ya mgeni kazi hiyo ilikuwa mfano mwema wa kuunganisha ya kale na ya sasa, na kwa sehemu kubwa ilikuwa hivyo kweli: ukuta uliosakafiwa haubomolewi na masika ya kwanza, na mlango wa chuma hufungwa na mtoto. Lakini mlango wa chuma huwa na kufuli, na kufuli huwa na ufunguo. Swali la nani ashike ufunguo halimo katika michoro ya uhandisi.

Kilichoko Delft

Kabla ya kuwafuata wanafunzi mlimani, inafaa kutazama walichokuwa wakikiona walipokuwa Uholanzi, maana nchi hiyo yenyewe ni darasa la mambo ya kale yanayofanya kazi pamoja na mapya. Kinderdijk, si mbali na Rotterdam, pana vinu vya upepo 19 vilivyojengwa kwa ajili ya kuondoa maji mashambani, vingi vikiwa vya miaka ya 1738 hadi 1740. Kazi hiyo sasa hufanywa na pampu za kisasa, lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili, mafuta yalipoadimika, vinu vilirudishwa kazini. Huko Lemmer, kaskazini, mtambo wa mvuke wa Wouda uliofunguliwa mwaka 1920 ungali unawashwa maji ya Friesland yanapozidi uwezo wa pampu nyingine. Mitambo hiyo inatunzwa kwa sababu bado inaweza kuhitajika, na kwa sababu ina watu waliokabidhiwa kisheria kuitunza.

Watu hao ni bodi za maji. Bodi ya Rijnland, ambayo eneo lake liko jirani na Delft, ilikuwapo tayari katika karne ya 13, muda mrefu kabla ya kuwapo kwa taifa la Uholanzi. Karibu mwaka 1950 nchi ilikuwa na bodi zaidi ya 2,600; leo zimebaki 21. Upunguzaji huo ni mkubwa kuliko operesheni yoyote ya kuunganisha vijiji. Pamoja na hayo kitu kimoja hakikuguswa: bodi iliyounganishwa iliendelea kuchaguliwa na wakazi wake na kutoza kodi yake yenyewe kwa ajili ya maboma na mifereji. Mwanafunzi kutoka Morogoro au Harare anayepelekwa kutazama Kinderdijk huonyeshwa vinu. Hakuna uhakika kwamba huonyeshwa pia daftari la kodi, ingawa bila daftari hilo vinu vingekuwa kuni zamani.

Makanya

Mradi wa utafiti uliowapeleka wanafunzi Makanya uliunganisha taasisi ya Delft, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, taasisi ya mazingira ya Stockholm na taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa maji. Eneo la pili la utafiti lilikuwa katika bonde la Thukela, Afrika Kusini. Kidakio cha Makanya chenye eneo la takriban kilometa za mraba 300 kilifaa kwa sababu kilikuwa kidogo kiasi cha kutembelewa kwa miguu, na kwa sababu hapakuwa na takwimu zake. Mito yake haikuwa imepimwa.

Marloes Mul, ambaye tasnifu yake ilitoka mwaka 2009, alianza na hilo la kupima. Ilimbidi aeleze tabia ya kidakio kisicho na kumbukumbu za mtiririko, yaani kujua maji ya kijito yanatoka wapi, kiasi gani ni ya mvua ya jana na kiasi gani ni ya chini ya ardhi. Kazi hiyo ya kihaidrolojia ilimwingiza moja kwa moja katika siasa ya zamu. Kijito hakiwezi kupimwa bila kujulikana ni ndiva ipi ya juu iliyofungwa usiku uliopita. Yeye na wenzake walijikuta wakiandika juu ya makubaliano ya mgawo kati ya vijiji vya juu na vya chini, kama vile Vudee na Bangalala, na juu ya watu wenye mashamba pande zote mbili ambao kwa sababu hiyo hawakuwa tayari kuona upande mmoja ukikauka. Undugu na umiliki wa mashamba ulikuwa sehemu ya haidrolojia ya mahali hapo sawasawa na miamba.

Hodson Makurira, kutoka Zimbabwe, aliyemaliza mwaka 2010, alishughulikia shamba lenyewe. Katika mashamba ya majaribio ya wakulima alichunguza jinsi maji ya mvua yanayotiririka ardhini yanavyoweza kuelekezwa katika matuta, yakahifadhiwa katika udongo badala ya kupotea. Matuta aliyoyatumia yana jina linalowastahili wasomaji wa taarifa za Kiswahili: fanya juu. Mbinu hiyo ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu ilienea Machakos, Kenya, katika miaka ya 1950, na jina lake limeingia katika vitabu vya uhifadhi wa udongo duniani kote likiwa vilevile, bila kutafsiriwa. Mwanafunzi wa Kizimbabwe aliyesajiliwa Uholanzi alitumia istilahi ya Kiswahili iliyotoka Ukambani kwa kazi aliyoifanya Upare, na wasomaji wa Kiingereza wakamwelewa. Wale wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za uhandisi wangefaa kuutazama mfano huo.

Hans Komakech, ambaye tasnifu yake ni ya mwaka 2013, aliuchukua upande ambao wahandisi huuogopa. Aliuliza jinsi asasi za maji zilizoundwa na wenyeji zinavyozuka, zinavyobadilika, na zinavyokutana na mkono wa serikali katika bonde la Pangani. Jibu lake halikuwa la kuwafurahisha wanaopenda mambo rahisi. Wakulima si sawa: wapo wa juu na wa chini, wenye ardhi kubwa na ndogo, wenye sauti katika mkutano na wasio nayo. Hata hivyo tofauti hizo hazikuvunja ushirikiano kila mahali. Pengine ndizo zilizoushikilia, kwa kuwa aliye karibu na banio alihitaji mikono ya walio mbali ili kuzoa tope na kulijenga upya baada ya mafuriko.

Katika tafiti hizo neno "upotevu" lilianza kutiliwa mashaka. Maji yanayovuja kutoka mfereji wa udongo hayatoki duniani. Baadhi yake huvukizwa, na baadhi hushuka ardhini yakaibuka katika chemchemi au kijito cha chini. Aliyesakafia mfereji kijiji cha juu huongeza maji ya shamba lake, na huenda amemnyang'anya jirani asiyemjua. Makanya, kijiji kilicho mwisho wa mkondo, ilikuwa imezoea kupata mafuriko tu, ambayo wakulima wake huyatega na kuyatandaza mashambani, kwa kuwa maji ya kiangazi yalikwisha kugawanywa huko juu. Kila mradi uliopimwa kwa hekta za kijiji kimoja ulionekana kufaulu. Hesabu ilikuwa tofauti ilipofanywa kwa kidakio kizima.

Kibali na zamu

Sera ya Maji ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zilikubali baadhi ya mambo ambayo sheria za nyuma ziliyapuuza. Haki za kimila zinatambuliwa, na watumiaji wanahimizwa kuunda jumuiya. Ofisi ya bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, imekuwa na kazi ya kuziandikisha. Ugumu unaobaki ni wa aina yake, na haujapata nafasi inayostahili katika mijadala. Kibali cha serikali huandikwa kwa kiasi: lita kadhaa kwa sekunde, mita za ujazo kadhaa kwa siku. Haki ya ndiva haijawahi kuwa kiasi. Ni muda: maji ya alfajiri ya Jumanne, kwa mfano, yawe mengi au machache. Mwaka wa neema kila mwenye zamu hupata zaidi, na mwaka wa ukame wote hupungukiwa kwa pamoja. Kibali cha lita maalumu humhakikishia mwenye hati kiasi chake hata kijito kinapokauka, na kupungukiwa humwangukia asiye na karatasi.

Tatizo hilohilo lilijitokeza Usangu, katika bonde la Rufiji, ambako Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia na wenzake wa Sokoine walipendekeza mabanio yanayogawa mto kwa uwiano badala ya kiasi kisichobadilika. Lankford alibuni pia mchezo: ubao wa mbao ulioinamishwa, wenye mto na mifereji iliyochongwa, na gololi mahali pa maji. Wakulima wa juu na wa chini waliwekwa kuuzunguka, gololi zikamwagwa, na kila mmoja akaona kwa macho yake ni nani aliyebaki mikono mitupu. Mchezo huo umetumika baadaye kufundishia wanafunzi wa vyuo vikuu nje ya Tanzania, ambao wengi wao hawajawahi kuiona Usangu.

Programu ya WaterNet, iliyoanzishwa mwaka 2000, imewawezesha wanafunzi wa kusini na mashariki mwa Afrika kusoma uzamili wa usimamizi wa maji katika vyuo vya eneo hilohilo, Dar es Salaam na Harare vikiwa vituo vyake vya mwanzo. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo "ughaibuni" ni safari ya basi. Akifika Same atazikuta ndiva zenye sakafu ya saruji na zisizo nayo zikijazwa na kijito kimoja. Akiomba aonyeshwe haki ya maji ya kijiji atapewa cheti chenye muhuri, kama kipo, na ataelekezwa kwa mzee anayezijua zamu zote kwa kichwa. Fomu ya maombi ya kibali ina safu ya lita. Safu ya siku na saa bado haimo.